Gagulo la Pazia

Tarehe 11 Februari

Bobini wangu,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma. Marahaba. Huku sote wazima, ukiacha mdogo wako aliyeng'oka jino la mbele, na sasa anacheka amefunga mdomo kama mtu aliyeficha pipi. Baba yako anakusalimu. Wajua salamu zake, nikimwambia naandika barua kwa mwanao, anakohoa mara mbili na kurudi kwenye saa zake anazotengeneza. Basi nakuandikia kama zilivyo: koho, koho.

Mimi usiniulize. Cherehani na bobini yake ya uzi havijapoa tangu uondoke. Nimepewa sare za wauguzi thelathini na mbili, na msimamizi wao alisimama hapa mlangoni akaniona nakata kitambaa bila kuchora chaki. Akasema, "Mama, wewe umesomea wapi?" Nikamwambia, "Nimeishia shule ya msingi, na hata hiyo niliimaliza kwa huruma, walimu walikuwa hawataki kunikosa." Jirani yangu anayepiga watu pasi alicheka mpaka akaunguza kola ya mtu.

Sasa la muhimu. Lile gagulo la kuvaa chini ya sketi, nililokushonea kwa kipande cha pazia la hoteli, lile la maua makubwa ya njano, linakutosha? Usilione la ajabu. Ni kitambaa kizito, mwenye hoteli mwenyewe hana gagulo lake. Na sketi ikikaa juu yake, nyonga inaonekana ipo hata kama bado haijafika. Itafika, mimi yangu ilichelewa pia.

Wateja wote nimewaambia: binti yangu ana miaka kumi na sita, wa kwanza kwenye hesabu, na kiuno inchi ishirini na nne. Yote mawili kayatoa kwangu.

Nguo yangu ya kuja nayo Siku ya Wazazi nimeshaianza. Mikono ina mafundo mabegani. Utaniona kutoka getini.

Mama yako, fundi wa mafundi


Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hesabu nimepata themanini na tisa, na aliyepata tisini alikuwa anaumwa, kwa hiyo sijui alifanyaje. Mwambie baba nami namsalimu, koho. Mdogo wangu mwambie acheke tu, jino litakuja lenyewe.

Barua yako ilinifikia, ila ilikuwa imeshafunguliwa. Naomba siku nyingine bahasha uifunge kwa gundi, kisha uipitishe cherehani. Halafu usiandike tena habari za nguo za ndani, wala za nyonga ya mtu yeyote. Andika tu kwamba mko wazima.

Nina marafiki wawili wa kweli bwenini. Mmoja tunamwita Mrefu, kila asubuhi anagonga kichwa kwenye kitanda cha juu na kila asubuhi anashangaa. Wa pili ni Miwani, ambaye akivua miwani humwamkia mlango. Kuna na mwingine anaitwa Kengele, si rafiki. Yeye ndiye hupiga kengele ya shule na kusoma matangazo asubuhi, ana sauti inayofika mpaka jikoni. Kwao hawamwandikii barua. Humtuma dereva na boksi la biskuti, na biskuti zenyewe hagawi.

Kuhusu Siku ya Wazazi, mama, usijisumbue. Ni mbali, na una sare za wauguzi. Wazazi wengi hata hawaji.

Mwanao


Tarehe 14 Machi

Bobini wangu,

Marahaba. Bahasha umeikuta imeshonwa pande zote nne. Uzi mweusi, hatua ndogo za sindano, pembeni nimerudia mara mbili. Karani wa posta aliigeuza, akaniuliza, "Mama, hii ni barua au ni mto?" Nikamwambia ni barua ya mtu mwenye adabu.

Tuko wazima. Nimemaliza kama ulivyoniagiza.

Haya, umeshakaa kwa adabu kiasi cha kutosha? Tuendelee. Themanini na tisa yako nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na huyo wa tisini nimemwombea apone, ila asipone sana. Mdogo wako amegundua kwamba pengo linapiga mluzi, sasa hatulali. Baba yako, koho, na leo kaongeza ya tatu. Nadhani amekukumbuka.

Lakini nikuulize. Tangu lini mtoto wangu akanipangia cha kuandika? Wewe ambaye siku ya kwanza ya shule ulimwambia mwalimu, "Mama yangu anaweza kushona chochote, hata wewe"? Na wazazi gani hao wasiokuja? Mimi naijua Siku ya Wazazi, huwa watu wanagombania viti. Nguo yangu imekwisha, imetundikwa kwenye msumari mkabala na mimi. Kila nikiinua macho tunatazamana, nayo inaniuliza saa ngapi tunaondoka.

Sikulazimishi. Nasema tu kwamba ipo pale msumarini.

Kuna jambo huniambii. Nalijua, maana barua yako haina hata kosa moja la kukata na kuandika tena. Wewe ukiandika ukiwa na raha, karatasi huwa kama imekanyagwa na kuku.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Bahasha nimeifungua kwa wembe na bahati mbaya nimekata koho moja ya baba. Mwombe radhi.

Hakuna jambo. Sisi tuna shughuli tu. Mimi, Mrefu na Miwani tumeunda kamati ya Siku ya Wazazi. Mrefu mwenyekiti, Miwani katibu, mimi mtaalamu. Hatukuchaguliwa na mtu, tumejichagua. Siwezi kukueleza kazi ya kamati, ni siri mpaka siku yenyewe, tarehe nane Mei, saa nne na nusu, baada ya hotuba ya kuwakaribisha wazazi. Hotuba atatoa Kengele. Akimaliza atainama mbele ya wageni wa heshima, amefanya mazoezi ya kuinama huko wiki mbili.

Siku hizi wasichana huniletea nguo niwashonee, nina sindano yako na ule uzi wa buluu. Hata wanaonitania wanaleta. Kengele mwenyewe kaniletea sketi yake ya siku hiyo nimpanulie kiuno.

Sasa nina swali la kazi za mikono, halihusiani na hayo. Kwa nini mshono mwingine hushika vizuri mtu akiwa amesimama au anatembea, lakini akiinama unaachia wote kwa mpigo? Unafumuliwa wapi, na kiasi gani? Kwa mfano sketi yenye kiuno inchi ishirini na nane, nyonga thelathini na nane, urefu ishirini na tano. Ni mfano tu.

Jibu mapema tafadhali.

Mtaalamu


Tarehe 13 Aprili

Mtaalamu wangu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu niongeze! Barua yako nimewasomea jirani wa pasi na wateja wawili waliokuwa wanasubiri zipu. "Sikieni," nikasema, "mwanangu kanizidi kwa kitabu, lakini swali la mshono kaja kuniuliza mimi." Mmoja aliahirisha kukasirika kuhusu zipu yake.

Jibu hili hapa, na mwalimu wako akilitilia shaka, mwambie aje na sketi yake. Mshono wa nyuma ndio unaobeba kazi mtu akiinama. Mtu akisimama haubebi kitu, umekaa tu kama mgeni. Basi ukishuka kiganja kimoja chini ya zipu, ukafumua hatua moja ukaruka mbili, ukafumua moja ukaruka mbili, mpaka urefu wa kidole, hakuna jicho litakaloona. Atatembea, atapanda ngazi, ataimba. Akiinama, zile mbili zilizobaki zinakatika moja baada ya nyingine, prrrr, mpaka chini. Hilo huwezi kulikuta kitabuni. Mimi nalijua kwa sababu nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu, tangu nilipomwacha fundi wangu wa kwanza kwa kuwa nilikuwa nimeshamzidi. Hadithi hiyo unaijua.

Sare za wauguzi zimebaki tisa. Mdogo wako na mluzi wake wamealikwa kuondoka darasani mara mbili. Baba yako anasema koho moja uliyoikata ameikohoa upya.

Nguo bado iko msumarini. Nimeihamishia ukuta wa pili, ilikuwa inanitazama sana.

Mama yako, ambaye maprofesa wanamuuliza


Tarehe 29 Aprili

Bobini,

Wote wazima. Salamu leo ni hizo tu.

Barua hii nimempa mkononi dereva wa gari la mikate linalopita shuleni kwenu, maana nikiiachia posta itakufikia ukiwa na wajukuu.

Jana nilifungua daftari langu la vipimo kumtafuta muuguzi wa ishirini na nne. Nikakuta mteja nisiyemjua. Kiuno ishirini na nane, nyonga thelathini na nane, urefu ishirini na tano. Hana jina, na mwandiko ni wangu. Nilikaa na kalamu mdomoni dakika nzima. Kumbe ni ule "mfano" wako! Nilipokuwa naisoma barua yako, mkono uliandika wenyewe kwa mazoea.

Mwanangu, mfano hauna nyonga. Mtu ndiye mwenye nyonga. Kiuno chako ni ishirini na nne, nimekipima tangu hakijawa kiuno. Nikairudia barua yako toka juu, polepole, bila wateja. Sketi ya Kengele. Kuinama. Tarehe nane, saa nne na nusu. Nami kwa kiherehere changu nikakutumia maelezo kamili, na prrrr nikakuwekea!

Kisha nikaikumbuka ile bahasha iliyofunguliwa, na nilichoandika ndani yake. Pazia. Maua ya njano. Nyonga ambayo haijafika. Na Kengele ana sauti inayofika mpaka jikoni, ulisema. Ee Mungu wangu. Nilicheka peke yangu hapa, halafu nikaacha kucheka. Wanakuitaje sasa hivi, mwanangu?

Kwanza nikupongeze, nisije nikasahau. Mpango ni mzuri, na umemtafuta fundi anayefaa. Sasa sikiliza jambo ambalo hata baba yako halijui.

Ile hadithi ya kwamba nilimwacha fundi wangu wa kwanza kwa kuwa nilimzidi, si kweli. Alinifukuza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mwanafunzi mwenzangu alisema mbele ya wateja kwamba mishono yangu ni kama nyayo za kuku, watu wakacheka. Yeye alikuwa ameshona gauni la mwalimu mmoja mama mtu mzima, la sherehe ya kustaafu. Wote walipokwenda kula, nikalifumua palepale nilipokufundisha wewe, moja nikaruka mbili. Nilitaka aaibike yeye. Siku ya sherehe yeye alikuwa kwao anafua. Aliyeinama kupokea zawadi ni yule mama. Hakulia. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye kiti chake, akakaa, na watu wote walipoondoka alikuwa bado amekaa, zawadi mapajani. Fundi aliuangalia ule mshono mara moja tu. Akanionyesha mlango. Aliujua mkono wangu, maana yeye ndiye aliyeufundisha.

Utasema, mimi namlenga Kengele mwenyewe, si mwingine. Ni kweli, na kosa lake analo. Lakini alikuletea sketi yake, akasimama mbele yako, akainua mikono umpime. Mtu hasimami hivyo mbele ya adui. Anasimama hivyo mbele ya fundi. Na walimu wakiigeuza ile sketi ndani nje watakujua, shule nzima ni nani mwingine mwenye mkono huo? Watakurudisha nyumbani, nami nitalazimika kuwaambia watu kwamba umeiacha shule kwa kuwa uliizidi. Mwanangu, uongo wa aina hiyo mmoja umenitosha. Umenichosha miaka ishirini na mitatu.

Kama hujafumua, mrudishie. Kama umeshafumua, shona. Uzi maradufu, kila hatua rudi nyuma nusu.

Barua hii usimwonyeshe mtu.

Mama


Tarehe 10 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima na bado niko shuleni, nimeanza na hilo ili uvute pumzi.

Barua yako ilifika Jumamosi yenyewe asubuhi, ikiwa inanukia mikate. Sketi nilikuwa nimeshaifumua tangu Alhamisi, moja nikaruka mbili. Viti vilikuwa vimepangwa. Mrefu alikuwa ameshachagua pa kukaa, safu ya tatu kando, anasema pale jicho halizibwi na kofia za watu. Niliisoma nyuma ya stoo ya jembe na fagio, mara mbili. Mara ya pili sikuweza kumaliza pale kwenye kiti cha yule mama.

Nikakimbia. Kengele alikuwa nyuma ya jukwaa ameshavaa, karatasi ya hotuba mkononi. Nikamwambia, "Simama hivyohivyo. Usiiname."

"Pazia, umerukwa na akili?"

Ndiyo, mama, wananiita Pazia. Tangu Februari. Kengele alisimama juu ya sanduku lake akalisomea bweni zima barua yako ya kwanza yote, na pale pa nyonga alirudia.

Nikamwambia, "Mshono wako wa nyuma umefumuka."

"Umefumuka, au umefumuliwa?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nilipoitoa nilikuwa na kazi ya kuitunga uzi. Nilipomaliza kutunga niliona ameshajua, na alikuwa bado amesimama. Akanigeuzia mgongo, akainua mikono kama siku ile ya kupima.

"Ukinichoma nitapiga kelele."

"Ukipiga kelele mshono utapinda."

Mwalimu wa zamu alikuwa anaita, "Msemaji yuko wapi?" nami niko chini magotini nashona mwilini mwake, uzi maradufu, kila hatua narudi nusu. Nilikata uzi kwa meno na yeye akatoka. Alitoa hotuba, akainama, mama, akainama kuliko hata kwenye mazoezi, nadhani makusudi. Haikutoka hata hatua moja. Mrefu alisubiri ichanike mpaka wageni wanakunywa soda, na hakusema nami mpaka leo wakati wa chakula cha mchana. Miwani anaapa kwamba aliona ikichanika kidogo. Alikuwa amevua miwani.

Jioni Kengele akaja kukaa kwenye kitanda changu bila kualikwa. Akaniwekea barua yako ya Februari. Ile niliyonayo mimi ilikuwa bahasha tu, barua alikuwa nayo yeye wakati wote, nami niliijua kwa kumsikia akiisoma. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Akasema, "Pale pa mdogo wako na pipi, nilikuwa naparudia." Halafu, "Mama yako hukuandikia hivi kila mwezi?" Nikasema kila mwezi. Hakuomba radhi, mama, nisikudanganye, aliweka pakiti moja ya biskuti kwenye mto akasema imevunjikavunjika. Haikuwa imevunjika.

Kisha akauliza kama unashonea na watu wengine magagulo. Nikamwambia pazia limekwisha. Sijui kama limekwisha. Nilitaka aombe mara ya pili.

Kuhusu lile la kukwambia usije, nilisema ni mbali. Si mbali. Niliona haya, mama. Jumamosi niliwaona mama za wenzangu wakigombania viti kama ulivyosema, nikawa namtafuta aliyevaa mafundo mabegani, na mimi ndiye niliyemkataza.

Tunafunga shule tarehe kumi Julai, wazazi hualikwa tena. Njoo. Barua yako ya siri nimeishona ndani ya godoro. Mkono wangu wataujua, lakini nani atageuza godoro?

Bobini


Tarehe 22 Mei

Bobini wangu,

Barua hii usiisome wewe. Ndiyo maana bahasha sijaishona. Mpe Kengele, asimame juu ya sanduku lake, aisome kwa sauti ile ya matangazo. Nimesikia anasoma vizuri.

Haya, msomaji, marahaba ya kwako, na ya bweni zima. Simama wima. Usipite mbio.

Huku sote wazima. Jino la mdogo wa Bobini limetoka, kubwa kuliko uso, na mluzi umekufa. Wauguzi wamevaa sare zao zote thelathini na mbili na msimamizi anasema wagonjwa wamepona kwa kuangalia tu. Baba yao anawasalimu: koho, koho. Hapo ukohoe kweli, msomaji, mara mbili, nasikia kutoka huku.

Jambo la pili. Huyo anayesema pazia limekwisha ni mwongo, na uongo huo aliurithi kwangu, ila mimi nimeacha mwezi uliopita. Pazia lilikuwa la madirisha sita. Ndani ya kifurushi hiki kuna gagulo jipya, maua ya njano, kiuno inchi ishirini na nane. Ni lako, msomaji. Usiulize vipimo nilivipata wapi. Vilikuwa tayari kwenye daftari langu, nikaona ni aibu kumpima mtu halafu nisimshonee kitu. Mrefu na Miwani nao walete vyao, na Mrefu aandike urefu wa kweli, nitajua.

La tatu. Tarehe kumi Julai nakuja. Ile nguo ya msumarini nimemwachia jirani wa pasi, imemtosha baada ya kuvuta pumzi. Mimi nitavaa pazia lililobaki, kutoka begani mpaka kisigino, na mafundo mawili. Mtu akiuliza getini ni nani anakuja, mwambieni ni Mama Pazia, na mniwekee kiti cha mbele. Na kwa kuwa msomaji kwao hutumwa dereva, nitashukuru akikaa upande wangu wa kulia, maana kushoto atakaa baba yao na kikohozi chake.

Mwanangu ana mkono kuliko nilivyokuwa nao mimi kwa umri wake. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, mbele ya mashahidi wa bweni zima, na ni mara ya kwanza kumsifu mtu kuliko mimi. Amefanya mshono mmoja mwezi huu ambao mimi nilipopewa nafasi sikuufanya.

Basi. Kunywa maji, msomaji. Halafu rudi hapo juu niliposema mwanangu ana mkono. Nimekusikia, hapo umepita mbio. Soma tena, polepole.

Mama Pazia